Mjadala: Je, dansi kali inatosha kuiokoa Street Dancer 3D?

Mleta mada

Wadau, kila filamu za dansi za Kihindi zinapotajwa huwa nakutana na hoja moja: filamu ya dansi haihukumiwi kwa hadithi. Ukisema Street Dancer 3D ina mapungufu unajibiwa kwamba hukwenda kuangalia tamthilia, ulikwenda kuangalia watu wakicheza, na wamecheza. Naileta hoja hiyo tuijadili kwa sababu siikubali, na nasema hivyo nikiwa mpenzi wa filamu hizi tangu ABCD ya mwaka 2013. Naona Street Dancer 3D imeanguka hata kwenye dansi, na kilichoiangusha kwenye dansi ndicho kilichoiangusha kwenye hadithi. Aliyeitengeneza alikuwa na wachezaji wa kiwango cha juu na kisa kizito mkononi, lakini hakuamini kwamba kimojawapo kinaweza kumshika mtazamaji bila mataa, moshi na kelele za mashabiki.

Kwa ambao hawajaiona: ilitoka tarehe 24 Januari 2020, imeongozwa na Remo D'Souza, yuleyule wa ABCD na ABCD 2. Tuko London. Sahej (Varun Dhawan) ni kijana wa asili ya India mwenye kundi lake la dansi. Inayat (Shraddha Kapoor) ni binti wa familia ya Kipakistani, naye ana kundi lake. Makundi haya yanachokozana mitaani na kwenye mgahawa wa mhusika anayeigizwa na Prabhu Deva, mcheza dansi mkongwe wa India, ambako huenda kuangalia kriketi. Kuna shindano kubwa liitwalo Ground Zero. Halafu kuna wahamiaji wasio na vibali, wanaolala nje kwenye baridi, na Inayat anataka kushinda ili pesa za zawadi ziwarudishe kwao.

Tuanze na dansi, maana ndiyo ngao ya watetezi wote.

Mtu hucheza kwa mwili mzima. Bega likishuka, kuna goti lililoupokea uzito huo. Mkono ukikatwa hewani, kuna nyayo iliyoshika sakafu kwanza. Ndiyo maana Fred Astaire, huko Hollywood miaka ya 1930, alisisitiza apigwe picha kuanzia kichwani hadi miguuni, na mikato iwe michache kadiri inavyowezekana. Alitaka mtazamaji aone kwamba jambo limefanyika kweli, kwa mfululizo, na mtu mmoja. Kwenye Street Dancer 3D unaona kiganja, kisha uso wa Varun Dhawan, kisha watu wanashangilia, kisha kamera inazunguka juu ya jukwaa, kisha mtu yuko hewani kwa mwendo wa polepole. Stepu ilianzia wapi na ikaishia wapi, huonyeshwi. Watu ishirini wanacheza kwa pamoja, jambo linalodai mazoezi ya kutisha, lakini ule upamoja wenyewe unaukosa kwa sababu picha pana haidumu.

Na hii ni filamu ya 3D! Kwenye picha ya aina hiyo macho hujipanga upya kila kina kinapobadilika, kwa hiyo mikato ya harakaharaka huyachosha kuliko kwenye picha ya kawaida. Wim Wenders alipotengeneza Pina mwaka 2011, filamu ya 3D kuhusu kazi za Pina Bausch, mtunzi wa dansi wa Ujerumani, aliiacha kamera ikae, ukaona umbali kati ya mchezaji na mchezaji. Kina kikawa sehemu ya dansi. Remo ametumia teknolojia hiyohiyo kurusha vitu usoni mwetu.

Wakati ninaoukubali kwa moyo wote ni ule wa Prabhu Deva kwenye wimbo wa Muqabla. Alikuwa na miaka 46. Wimbo huo ni wa A. R. Rahman, na Prabhu Deva mwenyewe aliucheza katika filamu ya Kitamil Kaadhalan ya mwaka 1994, ile ambayo nguo zinaonekana zikicheza bila kichwa wala miguu ndani yake. Hapa anacheza bila haraka, viungo vyake vinapishana, na ukumbi mzima unaamka bila yeye kuruka sarakasi hata moja. Lakini tuulizane: kitu bora kabisa cha filamu ya 2020 kimetoka 1994. Illegal Weapon ulikuwa wimbo uliokwishavuma. Lagdi Lahore Di umetokana na wimbo wa Guru Randhawa uliosikika kila harusi. Bezubaan ulikuwa wimbo wa ABCD, ukarudi kwenye ABCD 2, ukarudishwa tena humu kwa mara ya tatu. Mtunzi wa miondoko hupata wazo jipya akipewa muziki mpya. Ukimpa wimbo ambao umati tayari unaujua, anachobaki nacho ni kuongeza idadi ya watu na ukubwa wa jukwaa.

La pili linaniuma zaidi. ABCD ya 2013 iliwapa uongozi watu wa dansi wenyewe: Salman Yusuff Khan, Dharmesh Yelande, Punit Pathak, vijana waliotoka kwenye shindano la televisheni la Dance India Dance, pamoja na Lauren Gottlieb aliyetoka kwenye shindano kama hilo Marekani. Kuigiza walikuwa wanajifunza, ni kweli, lakini kila waliposimama kucheza hukuwa na shaka. Mwaka 2015 ikaja ABCD 2, iliyotokana na maisha halisi ya kundi la vijana wa pembezoni mwa Mumbai, likiongozwa na Suresh Mukund na Vernon Monteiro. Steringi akawa Varun Dhawan. Kufika Street Dancer 3D, wale waliokuwa mbele 2013 wengi wao wamekuwa marafiki wa steringi: wanachekesha, wanashangilia, na wanacheza nyuma yake. Varun anajituma, simnyimi haki yake. Lakini ukimweka katikati ya watu waliolala na kuamka na dansi, mhariri inabidi amfiche kwa mikato, na mikato hiyo inawafunika wote.

Sasa hadithi. Sahej ndiye aliyewaingiza London vijana kadhaa wa Punjab, akalipwa, na pesa ile ndiyo ilimpa ukumbi wa kufanyia mazoezi. Vijana wale wakaishia barabarani. Hebu fikiria uzito wa jambo hilo! Shujaa wa filamu ni wakala. Sisi huku tunawajua mawakala. Tunazo familia zilizopeleka binti Uarabuni kwa ahadi ya kazi nzuri na simu ikaacha kupokelewa. Ningetegemea filamu isimame hapo hata dakika kumi: vijana wale wamkabili, wamuulize pesa yao ilikwenda wapi, wasikubali msamaha wake upesi. Badala yake anapata uchungu, anabadili kundi, anacheza fainali, ameshasafishika. Wahamiaji wenyewe hawana la kusema. Wapo ili zawadi iwe na sababu ya kugombewa. Na suluhisho ni kuwalipia tiketi za kurudi, bila mtu kuuliza kwa nini waliondoka wala deni waliloacha nyumbani litalipwa na nani.

Kuna jambo moja ambalo filamu yenyewe haionekani kuligundua. Kwenye mgahawa ule makundi mawili yanarushiana chakula kwa ushabiki wa kriketi, nasi tunatakiwa tufurahi. Mgahawa huohuo ndio ambao mabaki yake yanalisha wale wasio na pa kulala. Hakuna anayeviunganisha vitu hivi viwili baadaye, hata kwa sentensi moja.

Karibuni. Nani anaitetea, na kwa hoja gani?

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, umeandika vizuri ila unaidai filamu kitu ambacho haikuahidi. Hii ni filamu ya sikukuu. Imetoka wiki ya Siku ya Jamhuri ya India, watu wanaingia na watoto. Mikato unayoilalamikia ni lugha ya vijana waliokulia kwenye video za simu.

Halafu umeruka jambo kubwa. Agosti 2019 Pakistan ilipiga marufuku filamu za India, na mwaka huo nchi hizo mbili nusura ziingie vita kamili. Miezi michache baadaye inatoka filamu kubwa ya Mumbai ambayo binti wa Kipakistani ni shujaa, ndiye mwenye dhamiri, na ndiye anayemfundisha kijana wa Kihindi utu. Mwisho wanacheza pamoja. Kwa wakati ule hilo lilitaka ujasiri. Wewe umelipita kama hukuliona.

Na hao wahamiaji usemao hawana la kusema: zipo filamu ngapi za aina hii zilizowataja kabisa? Mtoto aliyekwenda kuangalia stepu akatoka akijua kwamba kuna watu wanalala chini ya madaraja London, tayari kapata kitu.

Mchangiaji wa pili

Mimi nafundisha dansi watoto wa mtaani kwetu, Mombasa. Nakubaliana na mleta mada kuhusu kamera, na si kwa nadharia. Watoto wakitaka kuiga kitu kutoka filamu hii hatuwezi, kwa kuwa miguu haionekani. Huwa tunatafuta video za mazoezi za wachezaji walewale, zilizopigwa kwa kamera moja iliyosimama, na kutoka hapo stepu zote tunazishika. Hebu ona: video isiyo na gharama yoyote inafundisha kuliko filamu.

Lakini Nora Fatehi, aliyemo pia kwenye filamu hii, usimsahau, ndugu. Huyo amefanya wimbo wa Pepeta na Rayvanny wetu mwaka 2019, kwa hiyo vijana wengi wa pwani walikuwa tayari wanamjua. Garmi, wimbo anaoucheza humu, ulipotoka, wasichana wangu waliujaribu wiki nzima. Anacheza kweli. Shida yangu ni kwamba kamera ilimganda kiunoni muda wote, kana kwamba hana kazi nyingine mwilini.

Mleta mada

Asanteni. Naanza na wa kwanza, maana hoja ya Pakistan ni nzito na inastahili jibu kamili.

Nakubali kwamba kumfanya Inayat mwenye dhamiri, wakati ule, halikuwa jambo dogo. Lakini tazama nyumba yake ilivyochorwa. Kwao ni katazo: anaficha kwamba anacheza, familia ni ya kumwogopa. Upande wa Sahej ni harusi, ngoma za dhol na kaka anayemwachia ndoto yake ya kucheza. Kama nia ni kuwaleta pamoja watu wa pande mbili, kwa nini upande mmoja umepewa furaha na mwingine umepewa ukali? London kuna Wapakistani wanaopiga ngoma kwenye harusi zao usiku kucha, kwa dhol ileile na kwa nyimbo za Kipunjabi zilezile, kwa sababu Punjab iligawanywa mwaka 1947 na nyimbo zikabaki pande zote mbili. Hiyo ndiyo hadithi iliyokuwa mikononi mwa Remo: makundi mawili yanayogombana yakiwa na midundo ya babu mmoja. Ingeweza kuchezwa bila maneno! Fainali inagusa wazo la umoja, lakini umoja wenyewe unafika kwa sababu muda wa filamu umekwisha, na si kwa sababu tumeona mguu wa huyu ukijifunza kwa mguu wa yule.

Kuhusu sikukuu na watoto: filamu ya kufurahisha familia si lazima iwe nyepesi kiasi hiki. Disco Dancer ya mwaka 1982, ya Mithun Chakraborty, ilijaa mataa na nguo za kung'aa, na ilipendwa kuanzia Umoja wa Kisovyeti hadi kumbi zetu za sinema huku. Nyuma ya mataa kulikuwa na mtoto na mama yake waliosingiziwa wizi na tajiri. Ulijua Jimmy, yaani mtoto yule alipokua, anacheza kwa ajili ya nani, na gitaa lililotegwa umeme lilipomuua mama yake uliumia.

Na hoja ya kwamba afadhali wahamiaji wametajwa, siipokei. Mtu aliyelala kwenye baridi akitumiwa kupamba fainali ya steringi, amepewa nini? Sikh Welfare and Awareness Team, shirika linalohudumia watu wa namna hii London, lipo kweli. Dakika tano za kijana mmoja akieleza njia aliyopita zingefanya kazi kuliko hotuba zote za filamu.

Kwa mwalimu wa Mombasa: umenisaidia kuliko nilivyojisaidia mwenyewe. Ulichosema kuhusu Nora ni ukweli uleule wa kamera, ila kwake una uzito zaidi. Na video hizo za kamera moja zina ushahidi mwingine. Kundi la Suresh Mukund, lile lililozaa ABCD 2, lilikwenda Marekani likiitwa The Kings na mwaka 2019 likashinda World of Dance, shindano la televisheni la huko, zawadi dola milioni 1. Lilishinda kwa kurushana, kudakana na kupigwa picha pana ambayo kila mtu anaonekana. Watazamaji wa nchi nyingine kabisa, wasiojua Kihindi, walisimama. Kwa hiyo anayeniambia kwamba umma hauwezi kuvumilia dansi bila mikato, namwomba aangalie lile.

Mchangiaji wa kwanza

Hapo kwenye The Kings sina la kujibu. Lakini bado nasema unaionea. Nitajie basi filamu ya Remo ambayo ilifanya unachotaka.

Mleta mada

Fainali ya ABCD ya kwanza, mkuu, ule wimbo wa Ganpati. Hadithi ya filamu ile nayo ina matobo mengi, sitaki kuisafisha. Ila pale wanaocheza ni wenyewe, wamejaa rangi na jasho, wanacheza ngoma ya mitaani ya Mumbai ambayo wamekua nayo, na unajua kwa nini kila mmoja yuko pale. Kama Street Dancer 3D ina tukio la kushindana na hilo, ukiacha Muqabla, litaje na dakika yake. Nitaliangalia leo usiku na kurudi kujibu.