Karatasi ya korti imeandikwa "discharged", hiyo ni sawa na "acquitted"?

dada_wa_umoja:
Wadau habari za jioni, naomba mnisaidie kuelewa neno moja tu maana limetuchanganya nyumbani hadi hatulali. Ndugu yangu mdogo alikuwa anafanya kwa stoo fulani Industrial Area, stoki ikapotea wakasema ni yeye, akashikwa akapelekwa kortini. Tumeenda huko hadi nikapoteza hesabu, leo kesi inatajwa tu, siku nyingine shahidi hajafika, unarudi Umoja na umeshapoteza siku ya kazi na nauli. Mwezi uliopita prosekyuta akasimama akaomba kuondoa kesi, hakimu akakubali, tukarudi na kijana nyumbani. Mama akachinja kuku na akapigia watu wa kanisa wote kuwaambia mtoto wake ameshinda.

Sasa juzi nimechukua nakala ya uamuzi naona "accused discharged under section 87(a)". Mimi nilitarajia "acquitted". Mmoja ananiambia kwa Kiswahili yote ni kuachiliwa, mwingine anasema bado anaweza kushikwa tena. Na kijana amepata kazi ya udereva, fomu inauliza kama amewahi kuwa "convicted", anaogopa hata kuigusa. Nambieni ukweli hata kama ni mchungu.

jirani_wa_buru:
Pole sana dada. Mimi naona ni kitu kimoja, "charge" ni mashtaka, ukiweka "dis" mbele basi mashtaka yametoka. Ameshinda huyo, ajaze fomu aende kazi.

gauni_jeusi:
Jirani nia yako ni njema lakini hapo utampotosha. Mimi ni wakili, kesi za namna hii nazishughulikia kila wiki.

Kifungu cha 87 kiko kwenye Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya Kenya, Sura ya 75, na kina sehemu mbili. Upande wa mashtaka ukiondoa kesi kabla mshtakiwa hajaitwa ajitetee, hiyo ni (a), anakuwa "discharged", na sheria inasema waziwazi kwamba hiyo haizuii ashtakiwe tena kwa mambo yaleyale. Ikiondolewa baada ya kuitwa ajitetee, hiyo ni (b), lazima awe "acquitted", yaani aondolewe hatia. Katiba pia kwenye 157(7) inasema DPP, yaani Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, akisimamisha kesi baada ya kumaliza mashahidi wake mshtakiwa anaondolewa hatia. Na ukishaondolewa hatia, 50(2)(o) inakulinda, hawawezi kukurudisha kwa kosa hilohilo.

Kwa hivyo swali langu kwako dada, mlikuwa mmefika wapi? Aliitwa kujitetea?

dada_wa_umoja:
Hapana. Mashahidi wawili tu ndio walikuwa wameongea, wengine hawakuwahi kuja.

gauni_jeusi:
Basi 87(a) imeandikwa sawasawa. Mashtaka yameondolewa, lakini hakuna hakimu aliyeamua kwamba hakuiba. Hakuna pia aliyeamua kwamba aliiba, na hilo ushike sana.

nesi_zamu_ya_usiku:
Dada hilo neno sisi wodini tunaliandika kila siku. Mgonjwa akiwa "discharged" daktari amempa ruhusa aende nyumbani, haimaanishi amepona, homa ikirudi wiki ijayo anarudi na faili linafunguliwa tena. Labda mama akielezwa hivyo ataelewa, maana wazazi wetu wengi hilo neno wamelijulia hospitali.

mzee_wa_foleni:
Mimi yalinipata. Niliachiliwa kwa hiyo 87(a), sijafika hata getini nikashikwa tena kwa mashtaka mapya ya jambo lilelile, na familia yangu imesimama hapo na soda mkononi. Sikutishi dada, kesi za wengi huishia hapohapo, lakini hiyo karatasi isipotee na namba ya wakili ikae kwa simu.

dada_wa_umoja:
Mungu wangu. Na wanaweza kungoja muda gani?

gauni_jeusi:
Hapo kwenye 87(a) hawakuandikiwa tarehe ya mwisho. Lakini si kwamba hana kinga, 157(11) inamtaka DPP azuie matumizi mabaya ya sheria, kwa hivyo wakiwa wanamrudisha kila mara kumsumbua tu, wakili ana pa kusimama.

Tuje kwa fomu maana hiyo ndiyo ya haraka. Soma neno lililoandikwa, usisome unachoogopa. "Arrested" ni kushikwa, "charged" ni kushtakiwa, "convicted" ni kupatikana na hatia. Wameuliza "convicted", jibu lake ni hapana na ni la kweli kabisa. Fomu nyingine ikiuliza "charged" aseme ndiyo na aambatanishe uamuzi. Aende rejista ya korti achukue nakala iliyothibitishwa kwa muhuri, hata akienda DCI, wale wa upelelezi wa jinai, kwa cheti cha tabia njema awe nayo, kwa sababu alama za vidole huchukuliwa mtu akishtakiwa.

Na kama mlilipa dhamana ya pesa taslimu, hiyo ni pesa yenu, kesi imeisha, aliyelipa aende nayo risiti aombe irudishwe. Nimeona familia nyingi zikiiacha huko wakidhani ilikuwa faini.

dada_wa_umoja:
Nilijua ilikuwa faini!! Asante sana wakili, asante nesi. Sasa mama nimwambie nini, ameshatoa ushuhuda kanisani.

mzee_wa_foleni:
Mwambie mashtaka yameondolewa. Usiseme ameshinda, usiseme ameondolewa hatia. "Mashtaka yameondolewa" ni ya kweli na mtu hulala nayo.

dada_wa_umoja:
Nimemwambia sasa hivi, na ile ya hospitali pia. Amenyamaza kidogo, halafu ameenda chumbani amerudi na Biblia, risiti ya dhamana ilikuwa ndani imekunjwa mara nne. Kesho saa mbili tuko rejista.