Siku mbili Hershey, Pennsylvania, tukiwa na watoto wa rika tofauti na bibi yao: tuzigawe vipi?

Mama wa Watatu (swali)

Habari zenu wanajukwaa. Mwezi Julai, shule zikiwa zimefungwa, tunakusudia kuwapeleka watoto Hershey, ule mji wa chokoleti wa Pennsylvania, ambao kutoka kwetu Baltimore ni mwendo wa gari wa saa mbili hivi. Tutakuwa sita: mimi na mume wangu, kijana wa miaka 13 ambaye siku hizi hazungumzi kingine ila rolakosta, yale magari ya michezo yanayokwenda kasi kwenye reli za juu, binti wa miaka minane, kitindamimba wa miaka minne, na mama mkwe wangu, ambaye magoti yanamsumbua lakini amekataa katakata kubaki nyumbani. Tutalala huko usiku mmoja tu.

Mume wangu anaona siku zote mbili tuzimalizie ndani ya Hersheypark, ile bustani ya michezo ya mji huo, kwa kuwa tiketi si za bei ndogo na watoto ndicho wanachokitaka. Mimi ningependa waone pia chokoleti inavyotengenezwa na waujue mji wenyewe, maana kijana amekwisha kuniuliza kama tutaingia kiwandani. Naomba ushauri wa waliokwenda na familia yenye watoto wakubwa na wadogo pamoja na mzee. Je, mtoto wa miaka minne atapata cha kufanya, au atashinda kwenye kigari akiwatazama wenzake? Na mama mkwe wangu atawezaje kufurahi bila kutembezwa kutwa juani?

Baba Pacha

Dada, kabla ya kununua tiketi yoyote, wasimamishe watoto ukutani uwapime urefu, kwa sababu pale Hersheypark urefu ndio unaoamua kila kitu, wala umri hauulizwi. Wageni wamegawanywa katika makundi yenye majina ya peremende na chokoleti: aliye chini ya inchi 36, yaani sentimita 91, ni Miniature, kisha wanafuata Kisses, Reese's, Hershey's na Twizzlers, hadi Jolly Rancher, ambao wana inchi 60 au zaidi. Mkifika, watoto hupimwa na kufungwa utepe wa rangi mkononi, na kila mchezo una kibao kinachoonyesha ni makundi gani yanayoruhusiwa.

Kijana wako nadhani hatakuwa na shida. Candymonium, iliyofunguliwa mwaka 2020 karibu kabisa na lango, inapanda hadi mita 64 na kwenda kasi ya kilomita 122 kwa saa, na inataka inchi 54, sawa na sentimita 137. Wa kumwandaa ni binti wa miaka minane. Watoto wengi wa umri wake hawajafika hapo, na mhudumu hatakubali kubembelezwa hata kama imepungua nusu inchi. Ni vibaya sana mtoto kusimama kwenye foleni ndefu akiwa na furaha yake yote, halafu akageuzwa mbele ya kipimo huku kaka yake akipita. Mweleze mkiwa nyumbani, na umwonyeshe yanayomfaa. Comet, rolakosta ya mbao iliyopo tangu mwaka 1946, inampokea vizuri. Kuna pia sooperdooperLooper ya mwaka 1977, ambayo inapinduka mara moja bila kumtisha mtu kupita kiasi, ila tazameni kwanza kibao chake cha urefu.

Kitindamimba usimhofie hata kidogo. Kuna michezo mingi ya wadogo, kuna treni ya mvuke, na kuna farasi wa mbao wanaozunguka, waliochongwa mwaka 1919, ambao kwa maoni yangu ndio kitu kizuri kuliko vyote mle ndani. Tiketi hiyohiyo pia inawapeleka ZooAmerica, bustani ya wanyama wa Amerika Kaskazini iliyounganishwa na Hersheypark kwa daraja.

Saa za mchana ni za kupangiwa kwa makini. Julai ya Pennsylvania ina joto zito lenye unyevu, na ngurumo za alasiri si jambo la ajabu. Radi ikikaribia, rolakosta husimamishwa hadi hali itulie. Kwa hiyo fikeni lango likifunguliwa, mmoja wenu aende moja kwa moja na kijana kwenye rolakosta kubwa kabla foleni hazijarefuka, kisha jua likiwa kali hamieni wote kwenye eneo la maji liitwalo The Boardwalk, ambalo halina tiketi ya pekee. Mkifanya hivyo, siku moja kamili itawatosha. Namheshimu shemeji, lakini siku ya pili ndani ya lango hilohilo itawachosha wadogo, na watoto waliochoka hawamwachii mtu yeyote nafasi ya kufurahi.

Mwalimu Mstaafu

Naunga mkono siku moja ya michezo, tena naomba siku ya pili mwupe mji haki yake. Kuhusu kiwanda, mwambie kijana mapema kwamba hataingia. Zamani wageni walikuwa wakitembezwa kiwandani kwenyewe, lakini idadi yao ilipozidi kukua, kampuni ikafungua Chocolate World mwaka 1973 badala ya ziara hizo. Pale mtapanda vigari vinavyopita taratibu kati ya maonyesho ya safari ya kakao, kuanzia shambani hadi kwenye karatasi ya kufungia, huku ng'ombe wa mitambo wakiimba habari za maziwa, na mwishoni mtapewa chokoleti ya kuonja. Kuingia ni bure na ziara hiyo ni bure; kinacholipiwa ni shughuli za ziada, kama vile mtoto kujitengenezea chokoleti yake mwenyewe.

Kutoka hapo nendeni Chocolate Avenue. Kiwanda cha kwanza kiliacha uzalishaji mwaka 2012, kazi ikahamishiwa kiwanda kingine upande wa magharibi wa mji, lakini mabomba mawili ya moshi yenye jina la Hershey bado yamesimama. Waambie wadogo wainue macho kwenye taa za barabarani: zina umbo la Kisses, chokoleti ndogo zilizoanza kuuzwa mwaka 1907, nyingine zikiwa wazi na nyingine zimeviringishwa karatasi ya fedha yenye kile kiutepe kinachochomoza juu. Mtoto wa miaka minne atazihesabu barabara nzima.

Kijana wa miaka 13 anaweza kubeba habari nzito zaidi, na jumba la makumbusho liitwalo The Hershey Story ni mahali pazuri pa kuanzia. Milton Hershey, aliyezaliwa mwaka 1857 katika eneo hilohilo, aliuza kampuni yake ya karameli mwaka 1900 kwa dola milioni moja, na mwaka 1903 akaanza kujenga kiwanda cha chokoleti katikati ya mashamba, kwa kuwa chokoleti aliyoitaka ilihitaji maziwa mabichi kila siku na ng'ombe walikuwa hapohapo. Mji ulikua kukizunguka kiwanda: nyumba, tramu, shule, na bustani ya wafanyakazi kupumzikia, ambayo ndiyo Hersheypark ya leo. Yeye na mkewe Catherine hawakujaliwa watoto. Mwaka 1909 walianzisha shule ya watoto yatima, na mwaka 1918, baada ya Catherine kufariki, aliukabidhi mfuko wa shule hiyo sehemu kubwa ya mali yake. Hadi leo mfuko huo ndio wenye kura nyingi katika kampuni ya chokoleti, na Hersheypark nayo ni mali yake.

Hata hivyo, historia ya mji huo haikuwa tamu muda wote, na sioni sababu ya kumficha kijana. Aprili 1937 wafanyakazi waligoma na kukaa ndani ya kiwanda, wakatolewa kwa kipigo na umati uliokuwa na wafugaji ambao maziwa yao yalikuwa hayanunuliwi. Kakao yenyewe, ambayo haioti Pennsylvania, kwa sehemu kubwa duniani hutoka Afrika Magharibi, hasa Ivory Coast na Ghana, ambako suala la watoto kufanya kazi mashambani halijakwisha. Mkiwa ndani ya vile vigari vya Chocolate World, shamba likipita mbele yenu, zungumzeni naye habari hizo.

Shangazi wa Harrisburg

Mwanangu, nitamsemea mama mkwe wako, maana nami ni mtu wa magoti. Usimpeleke kwenye michezo akakae benchi akilinda mikoba ya watu. Wazee wengi huishia hivyo, na huwa wanasema wamefurahi ili wasiwavunje moyo. Kodini kiti cha magurudumu langoni, hata kama asubuhi atasema hakihitaji, kwa sababu eneo ni kubwa lenye miinuko, na ikifika saa tisa alasiri atakihitaji. Ile treni ya mvuke na Kissing Tower, chumba kinachopanda juu ya mnara huku kikizunguka polepole, anaweza kuvifurahia pamoja na kitindamimba.

Siku ya pili asubuhi, kabla ya jua kali, mpelekeni Hershey Gardens, bustani ya maua iliyofunguliwa mwaka 1937 juu ya kilima karibu na Hotel Hershey. Ilianza kama bustani ya waridi, na sasa ina nyumba ya vipepeo ambamo mtu akitulia hutuliwa begani. Wajukuu watamkuta huko akiwa ndiye mwenyeji wao, na hilo kwa mzee ni jambo kubwa. Nafasi ikibaki, pango la Indian Echo Caverns, Hummelstown, si mbali na lina baridi ya nyuzi 11 mwaka mzima, ila mshuko wake una ngazi nyingi; huko aende baba na wakubwa wawili.

Mama wa Watatu

Asanteni sana nyote. Mume wangu amesoma, naye amekubali siku moja ya michezo na moja ya mji. Limebaki jambo moja: binti yetu ana mzio mkali wa karanga. Je, mji wa chokoleti ni salama kwake?

Baba Pacha

Inawezekana, mkiwa waangalifu kila mnapofungua kitu. Reese's, ambazo ndani yake ni siagi ya karanga, zilibuniwa mwaka 1928 hapohapo Hershey na mtu aliyewahi kufanya kazi kwa Milton Hershey, na mtazikuta kila kona, hata kwenye vitindamlo. Kipande cha kuonja cha Chocolate World kisipokelewe na binti mpaka mmeuliza ni cha aina gani. Madukani someni maelezo ya kila pakiti, kwa sababu chokoleti ileile ikiwa ya ukubwa tofauti inaweza kuwa imetengenezwa kwenye mtambo uliopitisha karanga. Chakula cha nje kwa kawaida hakiruhusiwi Hersheypark, lakini mwenye mzio huruhusiwa kuingia na chakula chake. Elezeni mapema pale langoni.

Kalamu ya epinefrini, yaani sindano ya dharura ya mzio, ishikwe na mtu mzima ambaye hapandi mchezo kwa zamu hiyo, na msiiache garini hata kwa muda mfupi, kwa sababu joto la gari lililofungwa mwezi Julai huiharibu dawa.