Tupeane uzoefu: kuvuka kwenda mwamba wa Vivekananda, Kanyakumari

Mleta mada
Wakuu, wengi wanaompeleka mgonjwa Chennai hubaki na siku mbili tatu za kusubiri majibu. Kanyakumari ndiyo ncha ya kusini ya India bara, na mwamba alikotafakari Swami Vivekananda, mtawa wa Kihindu, Desemba 1892, kabla ya kwenda kuhutubia mkutano wa dini Chicago 1893, uko kama mita 500 kutoka ufukweni. Mnaojua njia mwageni. Za "nilivyojisikia" tuziweke kando.

Behewa la Mwisho
Treni ya usiku huondoka stesheni ya Chennai Egmore jioni, asubuhi uko Kanyakumari, reli inaishia hapo. Kata tiketi mapema sana, vitanda huwahi kujaa. Kwa ndege, shuka Thiruvananthapuram, kilomita 90 hivi.

Nahodha wa Nchi Kavu
Hapo kwenye boti ndipo watu hukwama. Zinaanza saa 2 asubuhi kwa hesabu ya Kiswahili (wao huita 8) na dirisha la tiketi hufungwa saa 10 jioni. Kwa hiyo mawio yatazame ukiwa pwani, boti ya alfajiri haipo. Tiketi ni mbili: ya kawaida, na ya maalumu ambayo bei yake ni mara kadhaa ya hiyo lakini foleni fupi. Jumamosi, Jumapili na sikukuu, lipia maalumu tu, foleni ya kawaida inazunguka jengo. Tiketi hiyohiyo ndiyo ya kurudia, usiitupe. Kiingilio cha mwambani ni kingine, unalipa ukishashuka, kwa hiyo beba noti ndogo za rupia. Jaketi okozi utapewa. Mara nyingi limelowa jasho la aliyetangulia, vaa tu.

Mtoto wa Kusi
Kusi tunaloliogopa huku Juni mpaka Septemba ndilo linalowaletea masika yao. Bahari ikichafuka boti zinasimamishwa bila taarifa ndefu. Mwezi mzuri ni Januari au Februari. Usipange kuvuka siku ileile ya treni ya kurudi.

Behewa la Mwisho
Nyongeza: mwamba wa pili una sanamu ya mshairi Thiruvalluvar, futi 133, idadi sawa na sura za kitabu chake. Zamani maji yakikupwa boti haikuweza kutia gati pale, watu wakaishia kuitazama kwa mbali. Tangu mwisho wa Desemba 2024 kuna daraja la kioo la mita 77 kati ya miamba miwili.

Mama Soksi
Viatu vinaachwa. Jua la saa 6 mchana likishalipiga lile jiwe, nyayo zinaungua. Vaeni soksi nene. Jengo kuu lilifunguliwa 1970, na ndani yake kuna sanamu ya shaba ya Swami akiwa amesimama. Picha ndani marufuku. Chini kuna chumba cha kutafakari: giza, alama ya Om, takatifu kwa Wahindu, inang'aa mbele, na kimya kweli kweli, simu izimwe kabisa, siyo mtetemo. Msiruke Shripada Mandapam, jengo jingine hapohapo mwambani, wengi hupita tu. Humo kuna alama ya kahawia kwenye jiwe, umbo la unyayo, Wahindu wanasema ni wa mungu wa kike Kanya Kumari. Ni ndogo, inamisheni vichwa.

Nahodha wa Nchi Kavu
Na ukirudi pwani ukitaka kuingia hekalu la huyo Kumari, wanaume mnavua shati mlangoni. Vaa la vifungo, fulana yenye jasho inasumbua kuvua.