Swift Sport ama Golf GTI, ya kuendea kazi kila siku Bombo mpaka Kampala

Mtu_wa_Bombo:
Wadau salaam aleikum. Nimeendesha Toyota Premio miaka saba, imenibeba mimi na familia na sina neno baya juu yake, lakini saa hizi roho inataka gari ndogo yenye nguvu, ile ya milango mitano ambayo buti inafunguka na kioo chake, uwe unafurahi hata ukiwa unaenda tu kazini. Nataka niiendeshe kila siku, sio ya kuegesha ningoje Jumapili.

Njia yangu ni hii: natoka Bombo saa kumi na moja na nusu asubuhi, Matugga, Kawempe, Bwaise, naingia mjini, jioni narudi hapohapo. Kwenda na kurudi kama kilomita 70. Niko na mke na watoto wawili, mdogo bado anakaa kwenye kiti cha mtoto.

Nimeona gari mbili. Ya kwanza Golf GTI ya 2006, ile ya kizazi cha tano, otomatiki ya DSG (giaboksi ya klachi mbili), imekaa hapa Uganda muda mrefu na anayeuza ni mtu binafsi. Ya pili Suzuki Swift Sport ya 2013, gia sita za mkono, iko bondi, pale gari za nje zinapongoja kulipiwa ushuru, imeingia juzi kutoka Japani. Golf bei yake iko chini sana kuliko Swift na ndiyo ina nguvu zaidi, hapo ndipo ninachanganyikiwa. Kuna mtu ameishi na mojawapo kila siku, kwa jamu hii yetu na mashimo haya? Mafuta je? Na ile mvua ya Bwaise?

Swift_ya_Njano:
Wa aleikum salaam ndugu yangu. Niko na Swift Sport kama hiyo, wenyewe wanaiita ZC32S, mwaka wa nne sasa, hiyohiyo ya gia sita, naishi Kyaliwajjala nafanya kazi Ntinda na mwisho wa mwezi naenda Masaka kwa wazazi, kwa hiyo jamu naijua na barabara ndefu naijua.

Kwanza injini. Inaitwa M16A, cc 1,600 bila tabo (ile feni ya kusukumia injini hewa), wanaandika nguvu za farasi 136 lakini nguvu yote inakaa juu, unaivuta mpaka mshale wa mizunguko ya injini unapita 5,000 ndipo inaimba. Ukiiendesha kama Premio, gia ya tano mapema na kulala, utaona ya kawaida tu utajiuliza pesa imeenda wapi. Utamu wake ni wepesi, gari nzima ni kama kilo 1,050, kwa hiyo kwenye kona inageuka ukifikiria tu, na breki inakamata sawasawa. Injini iko na cheni, sio belti, ukibadilisha oili kwa wakati haikusumbui. Mimi kila kilomita 5,000 namwaga, singoji zaidi, maana kilomita tano elfu za Kampala nusu yake injini inanguruma umesimama.

Mafuta napata kama kilomita 12 kwa lita, mjini tupu inashuka mpaka 10. Kwa kilomita zako 70 hesabu lita sita kwa siku, ukibanwa sana Kawempe saba. Lakini jua kitu kimoja, Japani hii gari imeandikiwa petroli ya premiamu, ile ya oktani ya juu, sio ya kawaida. Ukiweka petroli ya kawaida injini inajilinda kwa kuchelewesha moto wa plagi, haifi, ila inakuwa nzito na inakula zaidi. Chagua stesheni moja unayoiamini ubaki nayo.

Sasa shida zenyewe. Tairi za kutoka kiwandani ni 195/45 rimu 17. Ukuta wa tairi haufiki hata sentimita tisa. Mwezi wa pili tu nimeingia shimo usiku limejaa maji, sikuliona, tairi ikapasuka na rimu ikapinda, kufungua buti chini ya kapeti nakuta chupa ya gundi na pampu, spea hakuna. Nimesimama pale saa mbili nzima na mama yangu ndani ya gari, mvua inanyesha. Wiki ile nikatafuta rimu 16 nikavaa 195/55, ukuta ukaongezeka kama sentimita mbili na gari ikapanda kidogo, spidomita inasoma chini kidogo sana hata huwezi kuhisi. Tangu siku hiyo sijapinda rimu tena. Kama utanunua Swift, pesa ya rimu na tairi na spea iweke kwenye bajeti kabla hujalipia gari, usiseme nitabadilisha baadaye.

Watoto wawili nyuma wanatosha. Buti ndiyo ndogo kweli, lita mia mbili na kidogo, kigari cha kusukumia mtoto kikiingia basi, gunia la mkaa sahau.

GTI_na_Oili:
Ndugu, mimi niko na Golf GTI ya kizazi cha tano mwaka wa sita, naipenda sana hii gari, kwa hiyo sikuandikii kama mtu mwenye chuki nayo. Bei iko chini kwa sababu. Ile injini ya 2.0 yenye tabo, farasi 200, inataka mtu wa kuiangalia, na nyingi zilizoko hapa zimepita mikono ya watu waliotaka sauti na spidi tu.

Uliza vitu hivi, na usikubali jibu la mdomo, taka risiti. Belti ya taimingi imebadilishwa lini na kwa kilomita ngapi. Oili ya DSG na filta yake, inatakiwa kila kilomita 60,000, mafundi wengi wanakwambia ile giaboksi ni ya maisha haifunguliwi, sio kweli, na ikianza kushtuka ukiweka D ama rivasi hapo ujue unazungumzia pesa nyingi. Halafu kuna kikombe kidogo cha chuma kinakaa kati ya kemshafti (ile shafti inayofungua valvu) na pampu ya mafuta ya presha kubwa. Kinalika taratibu. Kikitoboka, kemshafti inaanza kuisaga pampu, na kitu cha bei ndogo kinageuka kuwa kazi ya kufungua injini. Kukikagua ni kufungua skrubu tatu tu za pampu, fundi anayeijua hii injini anamaliza haraka, kwa hiyo mwenye gari akikataa kukaguliwa, ondoka. Tena hizi zinapiga petroli moja kwa moja ndani ya silinda, valvu za kuingiza hewa hazioshwi na petroli, zinajaa masizi, gari ikiamka asubuhi inatetemeka.

Soko la spea la Kisekka hapa Kampala utapata spea za Golf, lakini uende na namba ya kipande mkononi, na uwe na fundi mwenye kompyuta ya kusoma kodi za hitilafu za Volkswagen, sio ile ya kawaida ya kila gari.

Sasa niseme na uzuri wake. Kampala tuko kama mita 1,200 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, gari isiyo na tabo inapoteza kama asilimia 12 ya nguvu zake hapahapa, zile farasi 136 za Swift zinabaki kama 120. Ukienda Kabale karibu mita 2,000 inapungua zaidi. Tabo inajazia ile hewa, kwa hiyo Golf unaisikia inavuta vilevile, na inavuta kuanzia chini, huhitaji kuipigisha kelele. Kupanda Kabale na watu wanne na mizigo naipita lori bila kujiuliza mara mbili, na kwa usalama hiyo ni kitu kikubwa sana. Kwenye barabara ya haraka ya Entebbe imetulia kama gari kubwa.

Lakini kila siku, Bwaise, jamu ya kusogea mita mbili mbili? Mafuta kilomita 8 kwa lita. Mimi ya kazini naendesha Vitz ya mke wangu, Golf natoa Ijumaa. Kama ndiyo gari pekee nyumbani na watoto lazima wafike shule, chukua Swift.

Mama_Ayaan:
Nakubaliana na mzee wa Golf. Niongeze tu habari ya maji kwa sababu naishi upande huo wa Kawempe. Hizi gari bampa ya mbele iko chini na ina mdomo, mvua ikinyesha pale Bwaise maji yanapanda ghafla na huoni mtaro uko wapi. Injini ikivuta maji kupitia njia ya hewa inakufa palepale, rodi za pistoni zinapinda. Mume wangu aliwahi kufuata taksi kwa imani kwamba ikipita na yeye atapita, taksi ni Hiace iko juu, yeye hakupita. Sasa mvua kubwa ikianza tunazunguka, ama tunaegesha kwenye stesheni ya petroli ya juu tunangoja hata saa nzima. Mwambie na bosi wako mapema kwamba siku za mvua utachelewa.

Na matuta usiyapande na watoto nyuma kwa spidi, shokapu za hiyo Swift ni ngumu. Mwanangu alikuwa anatapika mpaka tulipopunguza upepo wa tairi kidogo, sio sana, ule ulioandikwa kwenye mlango, fundi wa tairi alikuwa anajaza tu anavyojua yeye.

Mtu_wa_Bombo:
Mungu awabariki, sikutegemea majibu marefu hivi. Jana nimeenda kwa yule wa Golf na fundi. Risiti ya belti hana, ya DSG hana, nikamuomba tufungue ile pampu akasema gari yake haifunguliwi na mtu. Nimeondoka. Imeniuma kwa sababu ile tabo nilipoikanyaga kidogo tu pale Matugga nikasikia mgongo umegandana na kiti.

Sasa nabaki na Swift. Kilomita zimeandikwa 74,000, ndani iko safi. Nitajuaje ni za kweli? Na ile sheria ya miaka 15 inanihusu?

Swift_ya_Njano:
Umefanya vizuri kuondoka ssebo.

Sheria ya 2018 inakataza kuingiza gari iliyopita miaka 15 tangu itengenezwe, ya 2013 ambayo tayari iko bondi haina shida hapo. Ila waulize bei yao ni pamoja na ushuru na tozo ya mazingira na namba, ama ni ya gari peke yake, hapo ndipo watu wanashtukia milioni kadhaa juu.

Kilomita: chukua namba ya chesisi, omba ile karatasi ya mnada wa Japani. Itakuonyesha kilomita za siku ile ya mnada na gredi, yaani alama ya hali ya gari. Ukikuta 4 ama 4.5 ni nzuri, ukikuta R maana yake iligongwa ikatengenezwa. Pia kuna cheti cha ukaguzi wa kabla ya kusafirishwa, linganisha kilomita za karatasi zote mbili na za dashibodi. Halafu angalia kwa macho yako: usukani, kichwa cha gia na pedali ya klachi. Kilomita 74,000 ngozi ya gia bado iko na rangi na mpira wa klachi bado uko na mistari. Ukikuta umelainika kama sabuni, hiyo sio 74.

Ikiwa imepanda kwenye jeki angalia kwenye kingo za bodi chini ya milango, pale Wajapani wengine wa theluji wanatumia chumvi barabarani, kutu inaanzia hapo. Endesha gia ya tatu spidi ya chini ukanyage mpaka mwisho, kama mshale wa injini unapanda na gari haiendi, klachi imeisha, wapunguze bei.

Nikiwa mjini Jumamosi nipigie inboksi, tutaenda wote bondi, nitakuja na yangu uilinganishe, na zile rimu 17 zangu za zamani moja iko nzima kabisa, utaichukua iwe spea yako.