Januari siku nne: Mida na Sabaki, au Naivasha na Elementaita?

mtazama_heroe (Nakuru)

Wakuu, salaam. Tuko watatu, siku nne za Januari, teleskopu moja (20–60, kioo cha milimita 65) na darubini za 8x42. Tunawatafuta ndege wahamaji wanaokimbia baridi ya Ulaya na Asia: vitwitwi (ndege wa ufukweni), bata, buabua. Heroe (flamingo) tunao nyumbani, hao tuwaache. Tumebakiza njia mbili: (a) maziwa ya Naivasha na Elementaita, (b) Mida na Sabaki kule pwani, upande wa Watamu na Malindi. Naomba mnipe hoja za maji, mwanga na saa. Gari letu ni dogo la kawaida, halina nguvu ya magurudumu manne.

bamvua15 (Watamu)

Karibu pwani, lakini kabla ya kukata tiketi tazama kwanza mwezi uko tarehe ngapi. Kwa Januari hiyohiyo Mida inaweza kukupa ndege elfu kadhaa hatua chache mbele yako, au ikakupa nukta nyeusi zilizotawanyika kwenye tope la kilomita nzima. Tofauti yote inaletwa na maji.

Bamvua, yaani maji yanayojaa na kupwa kupita kawaida, huja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu. Ukifuata kalenda ya Hijria, hesabu tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17. Siku hizo maji hujaa kwenye saa kumi hadi saa kumi na moja jioni, na hupwa kwenye saa nne hadi saa tano asubuhi. Kwenye maji mafu, yaani tarehe 8 hadi 10 na 22 hadi 24, mambo hugeuka: maji hujaa asubuhi na hupwa alasiri. Kila siku saa husogea mbele kwa dakika kama 40 hadi 50. Shika jedwali la maji la Kilindini (bandari ya Mombasa), kisha ongeza muda kidogo, kwa sababu hori la Mida, yaani mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, lina mlango mwembamba na huchelewa kujaa kuliko bahari.

Kwa nini bamvua? Pengo kati ya maji makuu na maji madogo hukaribia meta 4, kwa hiyo tope lote hufunikwa na ndege husukumwa hatua kwa hatua kuja upande wa mikoko. Kwenye maji mafu sehemu kubwa ya tope hubaki wazi, na ndege hawana haja ya kusogea.

Pale kwenye daraja la mbao la wanakijiji fika saa nane mchana. Daraja liko upande wa barabara kuu, yaani magharibi ya hori, kwa hiyo jua la alasiri linakuwa mgongoni. Saa mbili za mwisho kabla ya maji kujaa ndizo zenye kazi. Msingoje maji yajae kabisa, maana hapo tope limekwisha na ndege wameshapanda kulala: sululu (*Numenius phaeopus*) na kitwitwi *Xenus cinereus* hukaa juu ya matawi ya mikoko, wengine huruka kwenda kwenye mafungu ya mchanga. Wengi hufika saa kumi na moja, wanakuta maji matupu, wanarudi wakisema Mida hakuna kitu.

Ndege wa kumtafuta kwanza ni *Dromas ardeola*, yule mweupe na mweusi mwenye mdomo mnene mweusi kama wa kuvunjia karanga, mla kaa. Huyu hazai kwetu. Huzaa kwenye visiwa na fukwe za Ghuba, Bahari ya Shamu na pwani za karibu, ndani ya shimo analolichimba mchangani, yai moja tu. Chunguzeni jozi: mtoto wa mwaka huo, mwenye rangi ya kijivu zaidi, bado anamfuata mzazi akiinamisha kichwa na kulia kuomba chakula, ingawa amesharuka bahari nzima. Mzazi humkatia kaa miguu kwanza.

MwanaKongoni (Naivasha)

Bamvua15 kasema vyema, ila mwenye siku za kazi hachagui mwezi. Faida ya maziwa ni kwamba hayapwi wala hayajai: Jumamosi yoyote inafaa. Toka Nairobi hadi Naivasha ni kilomita kama 90, na Elementaita ni mwendo wa chini ya saa moja zaidi. Malindi ni zaidi ya kilomita 550, kwa hiyo kwenda na kurudi kwa gari kunawalia siku mbili kati ya nne.

Ila niseme ukweli kuhusu Naivasha. Maji yalipopanda, tope la kina kifupi lililokuwa likiwapendeza vitwitwi lilizama sehemu nyingi. Migunga iliyokufa imesimama ndani ya maji, na hiyo ni neema kwa *Pandion haliaetus*, mwewe mla samaki atokaye Ulaya, anayependa tawi kavu juu ya maji. Msimchanganye na furukombe wetu: huyu wa Ulaya ana tumbo jeupe na mstari mweusi unaopita jichoni. Bata ndio wa kufuatwa Naivasha: *Spatula clypeata* mwenye mdomo wa koleo, *Spatula querquedula*, na *Anas acuta* mwenye mkia wa sindano. Wakifika Oktoba na Novemba, madume bado wamevaa manyoya mabovu ya kahawia na hufanana na majike. Januari wengi wameshabadilisha, na mtu anawatambua kwa darubini tu.

Kwa boti acheni teleskopu nyumbani. Kila anayepumua botini anaitikisa picha, na kwa ukuzaji wa 20 huoni kitu. Tumieni 8x42, ombeni nahodha azime injini na boti ielee, na kaeni mbali na kingo za mafunjo kwa ajili ya viboko.

Vitwitwi nendeni Elementaita. Ziwa ni la magadi, kingo zake ni wazi, na pale maji ya chemchemi yanapoingia, upande wa Kekopey, ndipo wadudu wa majini hujaa na ndege hukusanyika: *Calidris minuta* kwa mamia, *Calidris pugnax*, na *Tringa stagnatilis* mwembamba mwenye mdomo kama sindano ya kushonea. Mkae ukingo wa mashariki kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua liwe nyuma yenu. Ikifika saa nne hewa juu ya maji inaanza kutetemeka kwa joto, na alasiri upepo unaamka.

darubini_mbili (Mombasa)

Hapo kwenye kutetemeka kwa hewa ndipo wengi wanapolaumu teleskopu bure. Picha ikianza kuchemka, kuzungusha hadi 60 kunakuza mtetemo pamoja na ndege. Rudini 25 au 30, teremsheni stendi chini, msitandaze ile miguu mirefu myembamba ya chini, na ning'inizeni begi katikati. Kioo cha milimita 65 kwa ukuzaji wa 60 kinatoa picha yenye giza hata asubuhi. Mkitaka kubainisha ndege wawili wanaofanana, sogeeni karibu badala ya kukuza.

Na wanaofanana pwani ni wengi. Ugomvi wa kila Januari ni vile vitwitwi viwili vya kijivu vyenye kifua cheupe. *Anarhynchus leschenaultii* ana mdomo mrefu na mzito: ukiupima kwa jicho, unazidi umbali wa kutoka shina la mdomo hadi nyuma ya jicho, na miguu yake ina ukijani wa manjano. Yule mwingine, mwenye umbo dogo zaidi, ana mdomo mfupi na miguu myeusi zaidi. Vitabu vya zamani vinamwita *mongolus*. Orodha za sasa zimemgawa, na wa kwetu wengi ni *atrifrons*. Andikeni mlichoona kwenye mdomo na miguu, jina litafuata.

Jingine: kitwitwi mwenye mdomo uliopinda kuelekea chini ni *Calidris ferruginea*. Msimwandike *Calidris alpina* kwa kuwa kitabu cha Ulaya kinamwonyesha ukurasa wa kwanza. Huyo ni adimu sana kwetu, na rekodi yake inahitaji picha ya kiuno kikiwa wazi anaporuka. Wa *ferruginea* kiuno ni cheupe kabisa, wa *alpina* kina mstari mweusi katikati.

mtazama_heroe (Nakuru)

Asante ndugu zangu, naona ninavyopotoka. Sabaki je? Kila orodha inaitaja pamoja na Mida, kana kwamba ni kitu kimoja.

bamvua15 (Watamu)

Si kitu kimoja hata kidogo. Mida ni tope na mikoko, Sabaki ni mdomo wa mto, mchanga na upepo. Mida unawafuata vitwitwi. Sabaki unawafuata buabua na shakwe. Vukeni daraja kaskazini mwa Malindi, pindeni kulia, acheni gari kijijini, mtembee kwa miguu hadi ng'ambo ya kaskazini. Chukueni kijana wa pale wa kuwaongoza. Sababu ni mbili: viboko hushinda kwenye vidimbwi vya karibu na mto, na mdomo wenyewe huhama kila baada ya mafuriko, kwa hiyo njia ya mwaka jana yaweza kuwa tope la kufika magotini.

Saa nzuri ni kuanzia saa kumi jioni. Buabua hurudi kutoka baharini kulala kwenye fungu la mchanga, kundi baada ya kundi. *Thalasseus bengalensis* ana mdomo wa chungwa, *Thalasseus bergii* ana wa manjano na mwili mkubwa zaidi. Wakisimama pamoja tofauti inaonekana hata kwa darubini. Mdogo kabisa kati yao ni *Sternula saundersi*. Ukingoni mwa mawimbi mtaona vitwitwi *Calidris alba* wakikimbia mbele ya povu na kulifuata tena linaporudi.

Tatizo la Januari ni kaskazi. Alasiri hupeperusha mchanga moja kwa moja kwenye vioo. Bebeni brashi laini na kifuniko, na msifute kioo kwa fulana, maana mchanga wa Sabaki unakwaruza. Halafu msiende Januari kumtafuta *Glareola ocularis* wa Madagaska. Yeye huja wakati wa kusi, wengine wakiwa wameshaondoka.

Mgongano upo: kwenye bamvua, Mida na Sabaki zote zinataka alasiri. Gaweni jioni, moja huku na moja kule.

Dau_la_Mbweni (Dar es Salaam)

Mkuu, kwa wanaosoma wakiwa upande wetu: kanuni ya maji ni ileile. Maeneo ya Kunduchi, maji yakipwa vitwitwi hutawanyika ufukweni, yakijaa huhamia kwenye mabwawa ya chumvi. Mabwawa yana wenyewe, ombeni ruhusa kwanza na mtembee juu ya matuta tu, kwa sababu kuta za udongo hubomoka na chumvi ya mtu hupotea. Anayetaka bata na ziwa aende Momela, Hifadhi ya Taifa ya Arusha, ila vitwitwi wa bahari hatawapata kule.

Maskati_Kaskazi (Oman)

Mmemtaja *Dromas*. Huku Oman, Barr Al Hikman, ng'ambo ya kisiwa cha Masirah, ndege wa ufukweni wakati wa baridi hupita nusu milioni, na huyo mla kaa yupo hadi kwenye koloni lake la kuzalia. Kwa wingi hakuna kinachoshindana napo. Lakini gari dogo haliendi: uso wa sabkha (uwanda wa chumvi) unaonekana mkavu, chini yake ni uji wa chumvi, gari likikata ganda linakaa juu ya tumbo lake. Na ndege wako mbali sana. Kwa kuwaona karibu, Mida inawapa zaidi.

mtazama_heroe (Nakuru)

Basi tumeamua. Kwa kuwa tarehe zetu zinaangukia tarehe 15 hadi 18 za mwezi wa Hijria, ni pwani. Treni hadi Mombasa siku ya kwanza, gari la kukodi hadi Watamu. Siku ya pili Mida saa nane mchana, siku ya tatu Sabaki saa kumi, siku ya nne kurudi. Asubuhi za maji kupwa tufanye nini?

darubini_mbili (Mombasa)

Asubuhi fanyeni mazoezi ya kuhesabu, kwani Januari ndiyo mwezi wa sensa ya ndege wa majini Afrika nzima na takwimu zenu zaweza kuwafaa waandaaji. Hesabuni ndege kumi, jicho lishike ukubwa wa kundi hilo, kisha pimeni linaingia mara ngapi kwenye kundi lote. Mmoja anahesabu, mmoja anaandika, wa tatu anarudia toka upande wa pili. Hesabu zikipishana kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, rudieni.

Mkiona pete au kibendera cha rangi mguuni, andikeni rangi, mguu wa kushoto au wa kulia wa ndege mwenyewe, na kama kiko juu au chini ya goti. Bila hayo matatu rekodi haisaidii kitu.

bamvua15 (Watamu)

Na maji yakishajaa, msiwasogelee waliolala. Kundi likirushwa mara tatu kwa jioni moja linapoteza nguvu lililokuwa linaiweka kwa safari ya Aprili. Wakianza kunyoosha shingo zote pamoja, simameni hapohapo, mrudi nyuma polepole.