Mrejesho: programu ya mizani ya mkonge iliyokuwa inakula memori

Wakuu, nimerudi. Ni yule wa Tanga aliyelalamika kuwa programu yake ya C++ ya kupimia marobota ya mkonge inajaza memori mpaka inazima jioni. Mliosema nitazame distrakta (destructor, kodi inayosafisha kitu kinapofutwa) ya klasi mama, mlipatia: nilikuwa nafuta kitu cha klasi mtoto (inayorithi kutoka kwa mama) kupitia pointa ya mama, na distrakta ya mama haina neno "virtual", hivyo usafishaji wa mtoto ulikuwa haufanyiki. Nimeliongeza, faili za risiti sasa zinafungwa.

Ila mara ya kwanza ilizima palepale! Kumbe maktaba moja ilikompailiwa na heda (faili inayoeleza klasi) ya zamani, isiyo na neno hilo. Nikajenga zote upya, ikatulia. Aliyenipa -Wnon-virtual-dtor (swichi ya kompaila inayoonya kuhusu distrakta za namna hii), ahsante sana, imefichua klasi mbili nyingine.

Memori bado inapanda kidogokidogo, nashuku upande wa printa. Nikikwama nitarudi.