MJADALA: Sinema za kwanza za makauboi zibaki makabatini mwa watu binafsi?

Wadau, kila yanapotajwa mambo ya sinema bubu za makauboi wa Marekani, hoja ni ile ile: anayefungia mkanda wa zaidi ya miaka 100 nyumbani kwake ni mchoyo, anyang'anywe upelekwe kwenye hifadhi ya taifa. Mimi napinga.

Kwanza, wakusanyaji wa mikanda hiyo siyo walioziua sinema hizi. Mwaka 1937 ghala la studio ya Fox pale Little Ferry, New Jersey, liliteketea, na sinema nyingi za Tom Mix, nyota wa sinema bubu za makauboi, zikaishia humo. Mwaka 2010 zilitangazwa sinema 75 za Kimarekani zilizokutwa New Zealand, ikiwemo ya kauboi ya 1911, Billy and His Pal. Nyingi zilinusurika kwa sababu kuna watu walihifadhi makopo ya mikanda ambayo studio hazikutaka hata kulipia nauli ya kuyarudisha. Hao ndio tunawaita wachoyo?

Halafu tuelewe wanachokipenda. Katika The Great Train Robbery ya 1903, jambazi anakuelekezea bastola usoni na kufyatua. Katalogi ya kampuni ya Edison, iliyoitengeneza, ilimwachia mwonyeshaji aamue kipande hicho akiweke mwanzo au mwisho. Na kuna nakala zilizopakwa rangi kwa mkono: gauni la mcheza dansi, moshi wa baruti. Nakala moja haifanani na nyingine! Ukiitazama kwenye intaneti umeona hadithi, ila mkanda wenyewe hujauona.

Ninapotofautiana na wakusanyaji ni hapa. Mkanda wa naitreti, ile plastiki ya zamani ya sinema hizo, hausubiri mtu. Unaanza kufifia picha, kisha unanata, unatoa povu la rangi ya asali, na siku unafungua kopo unakuta unga wa kahawia. Ukishika moto ndiyo basi, maji hayauzimi, maana unajitengenezea oksijeni wenyewe. Kwa hiyo mkanda ubaki mali ya mkusanyaji, lakini akubali unakiliwe sasa hivi. Anayekataa hata hilo, huyo simtetei.

Mnaotaka sheria ya kunyang'anya, nijibuni: mkishamnyang'anya mmoja, wenzake watajitokeza na makopo yao, au watayaficha mpaka yageuke unga? Na gharama za kunakili mnataka alipe nani?